Firigisi ya Gari la Mwalimu Adagala

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana petroli ilikuwa imekwisha kufika duniani na watu walikuwa wamekwisha kuanza kuilalamikia, paliondokea mwalimu mmoja katika vilima vya Maragoli, jina lake Adagala. Alifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, akastaafu. Alikuwa na mke, Minayo, mke akafariki. Alikuwa na pikapu ya kijani, pikapu ikabaki.

Gari hilo lilikuwa na tabia moja. Kwenda, linaenda. Kupanda mlima, linapanda. Kusimama, linazima. Lilisimama mbele ya shule, likazima. Lilisimama sokoni kumpisha ng'ombe, likazima, na ng'ombe akafika nyumbani kwanza. Lilisimama mlangoni mwa kanisa, likazima, na kwaya iliyokuwa imepanda nyuma ikashuka kulisukuma huku ikiimba kwa sauti zote nne.

Watu wakasema gari linamlilia Minayo. Adagala akawajibu kwa upole kwamba chuma hakina msiba, kina sababu. Lakini sababu yenyewe hakuijua, na jambo hilo lilimkera kuliko kusukumwa.

Mwanawe akampigia simu kutoka Nairobi, akamshauri aliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lori lao lingepita Jumatatu ya wiki iliyofuata. Adagala akakubali. Kisha akabaki ameketi na simu mkononi, maana ndilo gari alilompelekea Minayo kwenye mazoezi ya kwaya kila Alhamisi kwa miaka kumi na minne. Kulipokucha akalipeleka gereji kwa Fundi Ambuyo, akampa wiki moja. Likipona, litabaki. Lisipopona, litapanda lori.

Na hapo gerejini, mbele ya watu, akatoa ahadi.

Kwanza niwaeleze, kwa wale wasiotoka huko. Katika vilima hivyo kuku ana firigisi moja, na meza ina mtu mmoja wa kuila. Mama wa nyumba ndiye anayeiweka kwenye sahani, na sahani anamoiweka ndiyo inayosema nani anaheshimiwa siku hiyo. Kuku akija mezani bila firigisi, wageni huacha kula na kuuliza ilikokwenda. Tena mtu hajipakulii mwenyewe. Ndiyo sababu tangu Minayo afariki, miaka miwili, hakuna kuku aliyechinjwa nyumbani kwa Adagala. Hakukuwa na mtu wa kumwekea, na yeye hakuwa na mtu wa kumpa.

Basi aliposema, "Atakayeliponya gari hili, Jumapili atakula firigisi mezani kwangu," spana zilinyamaza gereji nzima.

Fundi Ambuyo alikuwa mtu mrefu, mwenye subira, aliyezungumza na injini kuliko alivyozungumza na watu. Gereji yake ilikuwa uwanja wa changarawe kando ya barabara, na uwanja wenyewe ulikuwa na mteremko. Magari yaliyofika pale hayakuwa na hendibreki ya kuaminika, kwa hiyo kila gari lilikuwa na jiwe lake nyuma ya gurudumu. Gari likiingia, kabla halijaulizwa linaumwa nini, linawekewa jiwe. Ndiyo ilikuwa desturi ya hapo, na hakuna aliyewahi kuifikiria mara mbili.

Jumatatu Ambuyo akaliendesha barabarani. Likaenda, likasimama, likazima. Akalirudisha, akaliwekea jiwe, akafungua boneti, akaliwasha. Likakoroma kwa utulivu kama mtu aliyeshiba. Saa nzima halikuzima.

Jumanne akafungua plagi. Plagi hazikuwa na kosa. Barabarani likasimama, likazima. Gerejini, likiegemea jiwe lake, halikuzima.

Jumatano akafungua kabureta, akaiosha, akaipuliza, akairudisha. Kabureta haikuwa na kosa. Barabarani likazima. Gerejini halikuzima.

Alhamisi akashusha tangi, akidhani uchafu husogea gari linapopunguza mwendo. Tangi lilikuwa safi kuliko masufuria ya watu wengi. Kwa hasira akapandisha sailensa, yaani ule mngurumo wa injini ambayo haijakanyagwa mafuta, mpaka gari likapiga kelele kama kinu cha kusagia mahindi. Barabarani likazima vilevile, ila sasa lilizima baada ya kuwaamsha watoto wa watu.

Adagala alikuja kila siku, akaketi juu ya tairi kuukuu, akauliza maswali machache na kushukuru kwa kila jibu. Kando ya gereji palikuwa na mama mmoja, Kageha, aliyewauzia mafundi chai na githeri, yaani mahindi na maharage. Kageha alikuwa na maoni kuhusu kila gari.

"Fundi," akasema Alhamisi hiyo, "gari hili haliumwi. Limechoka tu kuonana na watu barabarani."

Ambuyo akamwomba apike.

Ijumaa mambo yakabadilika, tena kwa sababu ya githeri. Kageha alipikia kwenye mafiga matatu, na asubuhi hiyo figa moja likapasuka. Mtu atasema: vilima vya Maragoli vyote ni mawe, si aokote jingine? Lakini mvua ilikuwa imenyesha kila usiku wiki nzima, na jiwe lililolowa likiwekwa motoni hupasuka na kumwaga chakula. Kageha akatazama huku na huku akitafuta jiwe kavu. Akaliona: lilikuwa chini ya pikapu ya Mwalimu, siku tano halijanyeshewa, tena juu ni bapa. Akalichukua. Kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, mahali pake aliacha gogo la kuni.

Ambuyo akarudi kutoka kunywa chai. Akaingiza mkono dirishani kama kawaida yake, akaliwasha gari akiwa amesimama nje. Injini ikatikisika, gogo likabingirika, pikapu ikaanza kurudi nyuma, moja kwa moja kuelekea sufuria la Kageha.

Ambuyo akaruka ndani, akaikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama hatua mbili kutoka mekoni.

Na injini ikazima.

Watu wakapiga kelele. Kageha alikuwa amesimama na mwiko mkononi, tayari kujitetea. Lakini Ambuyo hakumtukana mtu. Alibaki ameketi, miguu juu ya breki, akiutazama mkono wa gia. Gia ilikuwa huru. Hapakuwa na kitu kilichoishika injini. Haikuwa na sababu ya kuzima, ila imezima, na imezima gerejini, mahali ambapo gari likishawekewa jiwe haijawahi kuzima.

"Jiwe," akasema. Kisha akasema, "Mwalimu, njoo ukae hapa."

Wakaleta mawe mawili mengine, yakawa nyuma ya magurudumu. Adagala akaketi kwenye usukani. Ambuyo akarudi mbele, akainama ndani ya boneti.

"Washa."

Likawaka.

"Kanyaga breki."

Likazima.

"Washa. Achia breki."

Likawaka, likaendelea.

"Kanyaga."

Likazima.

Mara sita wakafanya hivyo, na mara sita likajibu vilevile. Kisha Ambuyo akachukua koleo, akalibana bomba la mpira linalotoka kwenye injini kwenda kwenye duara la bati jeusi nyuma ya breki, lile ambalo mafundi huliita haidrovaki.

"Sasa kanyaga."

Adagala akakanyaga. Breki ikawa ngumu kama ukuta. Injini ikaendelea kunguruma. Akakanyaga tena, ikaendelea. Akatoa kichwa dirishani kumtazama Ambuyo, na mafundi wote wakamwona Mwalimu akicheka, jambo ambalo wengine walikuwa hawajaliona kabisa na wengine walikuwa wamelisahau.

Alikuwa amekwisha kuelewa. Akashuka, akamweleza Kageha kama alivyokuwa akiwaeleza kidato cha pili. Injini huvuta hewa. Breki huazima mvuto huo ili kuusaidia mguu. Ndani ya haidrovaki mna utando wa mpira unaotenganisha hewa ya nje na mvuto wa injini. Utando umechanika. Kila breki inapokanyagwa, injini inapewa hewa ambayo haikuiomba. Ikiwa inakimbia, inavumilia. Ikiwa inapumzika, inapaliwa.

"Kwa hiyo," akauliza Kageha, "mwenye kosa ni breki, na anayekufa ni injini?"

"Ndivyo hasa."

"Nimeelewa. Nina shemeji wa namna hiyo."

Ugonjwa ukawa umejulikana, lakini dawa haikuwapo. Ambuyo akapiga simu katika kila duka la vipuri alilolijua, na kila duka likamjibu kwamba haidrovaki ya gari la umri huo hawajaiona kwa miaka mingi. Jumatatu ilikuwa inakaribia na lori lake.

Ilijulikana kwamba kilima kizima kina haidrovaki moja tu ya aina hiyo, na ilijulikana pia kwamba haiombeki. Ilikuwa ya Mzee Kisia.

Kisia, dereva mstaafu, alikuwa na pikapu ndugu wa ile ya Adagala, mwaka mmoja, rangi moja. Ilikuwa imekaa juu ya matofali uani kwake kwa miaka tisa. Kila Jumamosi aliiosha. Kila mtu aliyepita, Kisia alimwambia kwamba baada ya Krismasi itaingia barabarani, bila kusema Krismasi ipi. Siku moja Adagala, kwa kupenda usahihi tu, alimpigia hesabu mbele ya watu: kwa kasi ile ya matengenezo, gari lingeondoka baada ya miaka arobaini na mitatu. Tangu siku hiyo Kisia hakumsalimia.

Hakuna aliyekwenda kumwomba. Lakini kilima hakina siri, na Jumamosi asubuhi Kisia akaingia gerejini kwa miguu, amebeba kitu kwenye taulo. Akakifungua juu ya boneti ya Adagala. Ilikuwa haidrovaki, imeoshwa, inang'aa.

"Iangalie vizuri," akamwambia Ambuyo. "Utando wake mzima. Nilikuwa naukagua kila Desemba." Kwa Adagala akasema tu, "Mwalimu." Ilikuwa salamu yake ya kwanza kwake baada ya miaka minne.

Kufikia alasiri Ambuyo alikuwa amemaliza. Akaishusha sailensa mahali pake. Adagala akaliendesha gari, na njia nzima akawa anasimama makusudi. Akasimama mbele ya shule, halikuzima. Akasimama mlangoni mwa kanisa, halikuzima. Sokoni ng'ombe hakuwapo, akasimama hata hivyo, akamngoja. Wenye pikipiki nyuma yake wakauliza kama Mwalimu anaumwa. Akatoa mkono dirishani, akawaomba radhi, akasimama tena hatua ishirini mbele. Alipofika nyumbani akampigia simu mtu wa lori, akamwambia asijisumbue.

Jumapili ikafika.

Kageha aliombwa apike, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe alijua kupika mayai tu, dakika nne kamili. Jogoo mwekundu akachinjwa. Ugali ukasongwa, mboga ya mrenda ikawekwa. Mezani wakaketi Adagala, Ambuyo na Kisia, na Kageha akavuta kiti chake pia. Mbele ya Adagala akaweka bakuli dogo lenye kifuniko. Hakumpakulia mtu.

"Mwalimu, humu ndani imo. Ningeiweka mimi, lakini mimi nami ni mdai. Gawa wewe."

Kisia akakohoa. Akakumbusha kwamba wakati wa baba zao mwanamke hakula kuku kabisa, sembuse firigisi.

"Wakati wa baba zetu," akajibu Kageha, "haidrovaki nayo haikuwapo. Tuendelee."

Ambuyo akaanza, kwa sauti ya chini. "Mwalimu, nimelifanyia kazi gari hili siku sita. Nilifungua kila kinachofunguka. Jiwe lilipoondoka, watu wote waliona gari likirudi nyuma. Mimi peke yangu niliona injini imezima. Jiwe halikujua maana yake, wala Mama Kageha hakujua. Na Mzee Kisia aliishi na haidrovaki hiyo miaka tisa, na hakuna gari lililopona. Aliyeliponya ni yule aliyejua."

Kageha akafuta mikono yake kwa kanga. "Fundi, siku tano ulizungumza na injini, haikukuambia neno. Mimi niliondoa jiwe moja, ikasema yote. Jiwe ndilo lililokuwa limeficha ugonjwa, maana gari lenye jiwe halikanyagwi breki, na jiwe uliliweka wewe kwa mkono wako. Ningeliacha pale, Jumatatu lori lingekuja."

"Ulikuwa unatafuta figa," akasema Kisia, "hukuwa unatafuta ugonjwa."

"Na Fundi aliyeruka ndani, alikuwa anatafuta ugonjwa? Alikuwa anaokoa githeri yangu."

Ambuyo mwenyewe akacheka. Kisia akangoja kicheko kiishe.

"Kuujua ugonjwa si kupona," akasema. "Ijumaa jioni mlikuwa mmekwisha kujua yote, nyote wawili, na gari lilikuwa linazima. Fundi alifanya kazi yake, na kazi ina ujira wake. Kageha alipata figa lake. Mimi nimebaki na gari lisilo na breki. Nimekiri mbele ya kilima kizima kwamba halitaondoka. Jana ilikuwa Jumamosi. Sikuliosha."

Kageha akamsogezea Kisia bakuli la mboga.

Adagala aliweka mkono juu ya kifuniko. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akisahihisha mitihani, na hakuwahi kuwapa wanafunzi wawili nafasi ya kwanza. Alizipima hoja moja moja, kwa haki, na kila alipopima ya tatu ile ya kwanza ilipanda tena. Kisha akasema kile ambacho tangu Ijumaa, tangu mguu wake ulipokuwa juu ya breki, alikuwa hajamwambia mtu.

"Kuna mdai mwingine. Miaka mitatu iliyopita tulisimama njia panda, gari likazima, mara ile moja tu. Minayo akaniambia, 'Mwalimu, ukikanyaga breki kuna kitu kinavuta pumzi miguuni pako.' Nikamwambia ni upepo wa dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Yeye ndiye aliyeupata ugonjwa kwanza. Hakupewa alama kwa sababu msahihishaji hakusikiliza."

Kageha akahesabu kwa vidole.

"Basi tumekuwa wanne," akasema, "na jogoo ni yuleyule mmoja."

Ambuyo, ambaye hakupenda kusema jambo nusu, akaongeza kwa heshima kwamba pana ugumu. Kwa kawaida ya nyumba hizo, fungu la marehemu huliwa na mwenzake aliyebaki. Mwalimu akimpa Minayo firigisi, itaishia kwenye sahani ya Mwalimu mwenyewe, na watu watasema ameahidi mbele ya gereji na kuila ahadi yake mezani.

"Waseme," akasema Kisia. "Lakini mimi nitakuwa wa kwanza kusema."

"Si tuikate vipande vinne?" akauliza Kageha, na kabla hajamaliza wanaume wote watatu walikuwa wakitikisa kichwa. Firigisi iliyokatwa si firigisi tena, ni nyama tu, na nyama ilikuwa tele mezani.

Wakacheka, hata Adagala. Nje, pikapu ya kijani ilikuwa imesimama uani ikinguruma, kwa kuwa alikuwa ameiacha makusudi ili aisikie. Akafunua bakuli. Mvuke ukapanda. Akaitwaa firigisi kwa kijiko, nzima, yenye kung'aa kwa mafuta, akainyanyua juu ya meza yenye sahani nne, na watu wote wakakitazama kijiko.

Hapo ndipo ninapokiacha kijiko hewani, maana mkono si wangu. Ninyi mmesikia ahadi kama ilivyotamkwa: atakayeliponya gari hili. Ambuyo alijua. Kageha alifichua bila kujua. Kisia alitoa alichokuwa akikitegemea. Minayo alisema mapema, asisikilizwe.

Haya, kabla haijapoa: nani kati yao alistahili, na ninyi mngeiweka kwenye sahani ipi?